Nilivyobeba Sari Iliyokatwa Mpaka Tongaat

Wamama wa Bertrams hapa Johannesburg, tangu turudi hamjaacha kuniuliza. Mmoja ananiuliza dukani kwenye spaza, mwingine ananishika mkono baada ya ibada, mwingine anajifanya amekuja kuazima chumvi. Mnataka kujua mimi na mkwe wangu Solange tulikwenda kufanya nini kwa Wahindi wa upande wa bahari, na kwa nini tulishuka kwenye basi hatusemezani. Basi nimeshika kalamu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nne kule Uvira, msitafute maneno mazuri hapa. Ningekuwa nayo maneno mazuri, ningeyatumia kujificha.

Nianze na lile ambalo hamkuniuliza, kwa sababu mlidhani mnalijua. Mnasema Solange aliharibu nguo ya Mhindi. Solange hakuigusa kwa mkasi. Mkasi niliushika mimi.

Mezani kwa Solange

Mwenye nguo anaitwa Nirmala, mama wa Kihindi anayefanya kazi mjini karibu na maduka ya jumla. Alileta sari ya hariri ili Solange aishonee ukanda wa pamba upande wa chini, pindo lisiliwe na viatu. Kazi ya saa moja. Solange aliitandaza juu ya meza ya kukatia, akaona hana uzi wa rangi ile, akatoka kwenda kuutafuta.

Mimi nikaingia. Mnanijua. Nimekata vikwembe, hivyo ninyi wa Tanga na Dar mnavyoita vitenge, tangu sijaolewa, na kila siku namwambia Solange kwamba anakata kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nikaona kitambaa kizima kimelala mezani. Nikapima, yadi sita. Kwetu yadi sita hazina maswali. Mbili za blauzi, mbili za sketi, mbili za kujifunga juu au kubebea mtoto. Kikwembe kikiwa kizima, kiko dukani au kiko kwenye sanduku la mahari. Kikishafika kwa fundi kinakatwa vipande vitatu.

Mtasema, hukuona picha? Niliziona. Zilikuwa zimechorwa kwa mkono, hata alama ya brashi unaiona. Kulikuwa na mawingu meusi, na watu wanakimbia mvua pamoja na ng'ombe wao, na mwisho kabisa kulikuwa na mtoto mwenye ngozi ya buluu amenyanyua mlima kwa kidole kidogo. Lakini ni nani kati yetu wa Kongo hajavaa uso wa askofu siku ya jubilei? Sisi kuvaa watu tumezoea. Fundi anayejua kazi anapima mpaka uso wa askofu uje katikati ya mgongo, usiangukie pa kukalia. Basi nikapima. Nikamweka yule mtoto katikati. Nikakata mara mbili bila kutetemeka, nikavinyoosha vile vipande vitatu vizuri mezani, ili Solange akirudi aone kazi inavyofanywa.

Alirudi. Akaangalia meza, akaangalia mkasi, akaniangalia mimi. Akaketi kwenye kiti cha cherehani, na uzi bado uko mkononi.

Nirmala alipokuja mimi nilikuwa jikoni nasonga fufu. Nilimsikia Solange akisema kwa Kiingereza kwamba kosa ni lake. Kiingereza cha kiasi hicho ninakijua. Nikaendelea kusonga. Jioni mwanangu Bahati akamgombeza mkewe mbele ya watoto, eti fundi gani anaingiza mkasi kwenye nguo ya mtu bila kuuliza, na mimi nikamwambia mwanangu apunguze sauti. Hilo ndilo neno pekee nililosema. Wiki tatu nikakaa na kosa langu, nikila chakula cha Solange. Na ninyi mkaanza kuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyenu, huyu ana haraka, huyu amebadilisha mawazo, na mimi nimekaa pale pale mlangoni ninawaitikia salamu.

Nirmala hakutaka malipo. Alisema sari ile aliichora mama yake, na mama yake anakaa Tongaat, ukipita Durban, na yeye Nirmala hana mdomo wa kumwambia. Twende tumwambie wenyewe. Sasa mnajua kwetu mwenye kosa haendi kuomba msamaha peke yake. Anatanguliwa na mzee, na mzee ndiye anayesema. Bahati akaniambia, "Mama, nenda umsemee mkeo," maana ndivyo tunavyotaniana, mke wa mwana ni mke wangu. Nikakubali. Ndivyo nilivyopanda basi kwenda kumwombea msamaha mtu kwa kosa langu mimi.

Kutoka Jozi mpaka mlimani

Siku ile robot, hizi taa za barabarani, zote za mjini zilikuwa zimezima, magari yamefungana kama uzi mbovu, na tulipofika stesheni tulikuta basi lenyewe halijafika. Tuliketi juu ya mizigo mpaka jua likatuzunguka. Solange alikuwa amepika chakula cha njia nzima: mayai, viazi vitamu, na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa na pilipili. Vile vipande vya sari nilivifunga kwenye shuka jeupe, nikavipakata. Sikutaka Solange avibebe. Nilidhani hiyo ni hisani.

Basi likafika, tukaondoka. Nikafungua ndagala kabla hata hatujatoka mjini, kwa kuwa njaa ilikuwa imeshika. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma akashika pua, akaniita gogo, yaani bibi. "Eish, gogo, humo ndani amekufa nani?" Nikamwambia ni samaki, na wamekufa wote, aketi chini. Watu wakacheka. Solange hakucheka.

Tulikwenda vizuri mpaka kule juu ambako barabara inaanza kushuka kwenye mlima wa Van Reenen. Hapo lori lilikuwa limelala ubavu, limeziba njia. Dereva akazima injini. Ukungu ukaja ukakaa kwenye vioo. Tulikaa pale tangu saa saba mchana mpaka karibu na saa kumi na moja, baridi inaingia magotini, na mtu asipokuwa na pa kwenda mdomo wake hufunguka.

Upande wa pili wa njia ya katikati alikuwa ameketi mama wa Kizulu wa makamo yangu, MaNgubane, anarudi kwao kutoka kumwona mwanawe. Alikuwa na mkate wa mvuke kwenye bakuli. Akatumegea. Nikampa ndagala, akawala na vichwa vyao, akanyoosha mkono tena. Kizulu changu ni cha sokoni lakini kinatosha.

Akawa anatutazama. Akaona mzee mwenye furushi jeupe mapajani, akaona mwanamke kijana kando yake ameinamisha macho, hasemi. Akajiunganishia mwenyewe habari. Akamwambia mtu wa mbele ampishe, akaja akamsimamia Solange. Akamwambia, makoti, ndivyo wanavyomwita mke wa mwana, makoti, lolote ulilolifanya piga magoti uyamalize hapa hapa, kabla basi halijashuka mlima. Kisha akanigeukia. Akasema kurudisha mke kwao si kazi ya mzee mwenye akili. Nikimrudisha huyu, mwanangu ataniletea mwingine asiyejua hata kukaanga samaki.

Alidhani namrudisha Solange kwa wazazi wake, na furushi ni nguo zake.

Solange akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakamtikisika. Kwa wiki tatu sikuwa nimemwona akicheka. Na mimi ningeweza kuacha aendelee kucheka. Lakini nikaona aibu kudhaniwa mama mkwe mbaya, nikajieleza haraka haraka. Nikasema simrudishi. Nikasema ameharibu nguo ya mtu, nampeleka kuomba msamaha.

Ameharibu. Hakuna aliyenilazimisha kulitaja neno lile. Lilitoka kinywani mwangu, mimi ninayewapiga wajukuu kwa uongo mdogo wa kuiba sukari.

MaNgubane akanishika mikono yote miwili. Akawatangazia watu wa viti vya karibu kwamba huyu hapa ni mama mkwe ambaye ameacha kitanda chake kwa ajili ya kosa la mke wa mwanawe, na wangapi wako hivi siku hizi. Akaniombea miaka mingi. Yule kijana aliyeshika pua akanisifu, "Sharp, gogo." Solange alikuwa amekwisha acha kucheka. Aligeuza uso akatazama dirishani, na dirishani hapakuwa na kitu, ni ukungu tu.

Durban, kisha Tongaat

Durban tulifika giza limeshaingia, tukalala kwa dada mmoja Mrundi, msusi, anayesali na watu wetu. Alitupa maharage, tukalala. Sina zaidi.

Asubuhi tukapanda taxi ya Tongaat. Solange alikuwa ameandikiwa mtaa kwenye karatasi, lakini mimi nikajifanya najua, nikamwambia dereva atushushe kwa yule mama anayechora miungu ya Wahindi. Dereva akaitikia, akaenda, akatushusha mlangoni mwa hekalu.

Mzee mmoja alikuwa anafagia uani. Alipoona furushi jeupe akafurahi, akatuonyesha pa kuvua viatu, akidhani tumeleta sadaka ya kitambaa. Solange akavua, akaingia kuuliza. Mimi nikakataa. Nikasema sivui viatu mbele ya sanamu, nikasimama nje juani na viatu vyangu vya kanisani, jasho linanitiririka, nikimlinda Mungu wangu asije akaibiwa. Mtu mwenye uongo wa wiki tatu kifuani! Yule mzee akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, akaniletea na kiti. Kisha akaacha ufagio wake, akatutembeza yeye mwenyewe mpaka kwa Mama Rukmani, hatua za mtu mzee, tukisimama kila mara apumue.

Nyumbani kwa Mama Rukmani

Mama Rukmani ni mwanamke mdogo wa mwili, mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma, na mikono yake inatetemeka. Alitupokea mlangoni kwa furaha, na hapo nikajua jambo ambalo Nirmala hakutuambia. Alikuwa amempigia mama yake simu na kumwambia tu kwamba mafundi wake wa Johannesburg wanakuja. Mama Rukmani akadhani tumeipenda kazi yake mpaka tumesafiri kuja kuona inavyofanywa.

Akaleta chakula kwanza. Dengu, wali, mboga ya bilinganya, na sinia la vitu vitamu vya mviringo lililokuwa mbele ya picha ya mungu wao yenye maua. Solange alikula. Mimi nikakumbuka maneno ya Paulo juu ya vyakula vya sanamu, nikasukuma sahani. Mama Rukmani akaniuliza jambo kwa Kiingereza, Solange akanigeuzia: anauliza kama leo umefunga. Nikainamisha kichwa. Akaniheshimu kwa hilo. Akasema na yeye huwa anafunga siku zake, akaondoa sahani bila kukasirika, akaniletea maziwa na ndizi, maana kwao mwenye kufunga anaruhusiwa hivyo. Nikayanywa maziwa yale.

Kisha akatupeleka chumba cha nyuma kutuonyesha. Hariri anaivuta kwenye fremu ya mbao mpaka inabana. Anachora mistari kwa nta ya moto, ili rangi ya huyu isimvamie yule. Rangi anaitia kwa brashi nyembamba, akisubiri ikauke. Mwisho anaiviringisha kwenye karatasi na kuipikia mvuke siku nzima, isitoke ikifuliwa. Sari ya Nirmala ilimchukua tangu mvua za mwaka mmoja mpaka zilipokaribia mvua za mwaka wa pili, na ndiyo ya mwisho. Akanyoosha mikono tuione. Kwa mikono hii, alisema, nta inakwenda inakotaka yenyewe.

Akatueleza na ile picha. Watu wa kijiji walinyeshewa mvua ya hasira siku nyingi, ndipo yule mtoto, ambaye ni Mungu wao, akaung'oa mlima na kuushika juu kama mwavuli, watu na ng'ombe wakaingia chini yake. Mtoto alimweka makusudi kwenye ncha ile inayopita begani, mtu asije akamkalia. Na watu wote, urefu mzima wa kitambaa, wanamkimbilia yeye.

Wanamkimbilia, na mimi nilikuwa nimekata njia. Furushi lilikuwa mapajani pangu, halijafunguliwa.

Solange akaniangalia. Mzee ndiye anayesema. Basi nikasema kwa Kiswahili, polepole, apate kugeuza. Nikasema, mama, sari yako imekatwa. Aliyeikata ni mimi. Huyu mkwe wangu hana kosa, alinibebea.

Solange akageuza. Nilisikia sari, nikasikia kukata, kisha nikamwona anaweka mkono juu ya kifua chake mwenyewe.

"Solange, hukusema nilivyosema."

"Nimesema, Mama."

"Umejishika kifua."

"Mama, tafadhali. Tumalize, twende."

Mama Rukmani alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. Hapo nikakumbuka kwamba Wahindi wa kule wamekua na Wazulu, na Kizulu wanakisikia. Nikanyanyua mkono wangu wa kulia, nikafanya vidole viwili kama mkasi. Nikasema, "Mina." Mimi. "Lesi sandla." Mkono huu.

Nikafungua shuka.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alishika kila kipande, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa. Kisha akaniuliza kwa Kizulu kama niliiona picha. Nikasema niliiona. Akauliza, na bado ukakata? Nikamwambia kwetu nguo inakatwa. Nikamwambia nilitaka mtoto aje katikati ya mgongo.

Akaniambia nimwonyeshe.

Nikamsimamisha Solange, nikamgeuza, nikamwekea kile kipande mgongoni, bega kwa bega. Yule mtoto wa buluu akakaa katikati kabisa, mlima juu yake umenyooka, haukuinama upande wowote. Mama Rukmani akasogea karibu.

"Umepima vizuri," akasema. Kisha ndipo akalia.

Hakuniambia kwamba si kitu, na mimi sikumwomba aseme hivyo. Alisema nguo yenye Mungu ikikatwa haishonwi tena ikavaliwa. Kipande cha mtoto atakitia kwenye kioo, Nirmala akitundike nyumbani. Hivyo viwili vingine atavipeleka baharini na maua. Alimuuliza Solange kwa nini alikubali kosa lisilo lake, Solange akajibu kwa Kiingereza maneno machache. Sikuuliza ni yapi. Mama Rukmani alimshika shavu, mimi akanishika mkono, tukaondoka.

Kurudi

Njiani nilijiona nimetua mzigo. Niseme ukweli, hata nilijisifu moyoni. Basi lilisimama Harrismith, nikanunua viazi vya kukaanga, nikampa Solange nusu kubwa. Hakuvigusa. Nikamwambia, mwanangu, sasa yamekwisha.

Akaniambia, "Mama, kule Tongaat nani ananijua?"

Nikakirudisha kiazi kwenye karatasi.

"Yule mama hatatuona tena. Jina langu limeharibika Bertrams. Umesema mahali ambapo haikugharimu kitu."

Hakupandisha sauti. Miaka kumi na miwili ameishi na mimi, hajawahi kunijibu hata mara moja mpaka siku ile. Tukafika Jozi hivyo, tukashuka mlipotuona.

Jioni ile ile nilimwambia Bahati mezani, watoto wapo. Wajukuu hawa Kiswahili wanakisikia tu, wanajibu kwa Kiingereza, lakini hili walilisikia vizuri, wakaacha kutafuna. Bahati alimuuliza mkewe kwa nini hakumwambia. Solange akasema, "Ungesema namsingizia mama yako." Bahati hakukana. Mimi pia nisingekana.

Sasa nimebaki na ninyi. Ningeweza kusimama kanisani nikasema, lakini ninajijua, mbele ya watu ningegeuza kuwa ushuhuda, mngepiga makofi, na mimi ningerudi kitini nimenenepa kwa sifa. Kwa hiyo nimeandika, mpitishiane, kila mmoja aisome akiwa peke yake. Wale mliochukua vitambaa vyenu ninawajua wote, maana nilikuwa nimekaa mlangoni. Sari ya Mhindi niliikata mimi, kwa kiburi, na nikanyamaza kwa woga, na mkwe wangu akala matusi yangu kwa heshima.

Solange yuko mezani kwake kila siku kuanzia asubuhi. Mpelekeeni vitambaa vyenu. Mkifika mtanikuta mlangoni kama siku zote, na najua desturi inawataka mwanze na mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Nipiteni. Mkamsalimie yeye kwanza.